Ng'ambo Hakufi Mtu

"Maziwa! Mpeni maziwa, atatapika!"

Ndivyo walivyokuwa wakipiga kelele Soko Kuu, upande wa karoti na njegere zilizoshuka asubuhi ile kutoka Mgeta, na kila aliyepiga kelele alijiona daktari. Kijana kalala chali juu ya magunia matupu, midomo imegeuka zambarau, anakoroma kwa shida. Dada yake, Shadya, kampakata kichwa, anammiminia maziwa ya pakiti kinywani, na maziwa yanarudi kupitia puani. Dera lake la njano limelowa kifuani, mtandio umeanguka kwenye tope. Wenzake hujipamba wakaenda kukutana na mapenzi. Shadya yalimkuta hivyo hivyo, ananuka maziwa na analia.

"Toa hayo maziwa! Unamzamisha!"

Mwanamume mrefu, mweusi tititi, shati jeupe limenyooshwa pasi mpaka linakata, alipiga magoti kwenye tope bila kukunja suruali. Alimgeuza kijana ubavu, maziwa yakamwagika. Akamrudisha chali, akamwinua kidevu, akampulizia pumzi. Kisha akatoa begini kichupa kidogo cha plastiki, akakiminya ndani ya tundu la pua, akaendelea kupuliza.

Kijana akakohoa. Akafumbua macho, akatukana. "Nani kanikata stimu?"

"Alhamdulillahi," akasema Shadya, akamkumbatia.

"Anaitwa nani?" akauliza yule mwanamume.

"Mosi. Mdogo wangu. Ana malaria, imempanda kichwani."

"Dada, dawa hii haitibu malaria. Inatibu kitu kimoja tu, mtu aliyezidisha unga wa kulevya."

Alilisema mbele ya soko zima! Shadya alinyanyuka akamzaba kofi lililosikika mpaka kwa wauza samaki.

"Huna haya! Kabila gani wewe?"

"Mnyamwezi wa Tabora. Naitwa Nasibu."

Soko likaangua kicheko. "Aaa, kumbe mtani!" akasema Bi Scholastika, muuza njegere, mtu mzima wa Mgeta. "Umempiga bure, mwanangu. Mnyamwezi kwa Mluguru ana ruhusa ya kusema lolote, hata maiti ikiwa bado ndani. Ndivyo walivyopatana mababu. Mtani hakasirikiwi."

Shadya alimtazama. Alama za vidole vyake zilikuwa zinaanza kuvimba kwenye shavu la mtu.

"Basi nirudishie kofi langu," alisema kwa shida.

"Thubutu! Nimeshalimeza. Ukilitaka, lifuate kwa kikombe cha chai."

"Nikunyweshe chai, mla michembe ya viazi wewe?"

"Na wewe vigimbi vyote hivyo ni vya kupandia mlima, au vya kupata nguvu ya kumpiga mtani?"

Akacheka. Hakutaka, lakini alicheka, na aliyecheka na mtani mara moja kesho huisubiri simu yake.

Simu zikaanza.

"Haloo, mtumwa wangu, umekula?"

"Bwana wako atakula saa ngapi usipompikia?"

"Bwana! Mpagazi wa mizigo leo kawa bwana!"

"Mzigo wenyewe nikiambiwa ni wewe, nabeba mpaka Tabora bila kupumzika."

"Ee, una maneno wewe! Kata simu, wateja wa karoti wamejaa hapa."

"Kata wewe."

Hakuna aliyekata.

Jumapili moja walikaa mgahawani chini ya milima, ukungu umefunika Uluguru mpaka kiunoni. Shadya alivaa gauni la kijani la satini na hereni za duara. Nasibu alivaa lile shati jeupe, maana alikuwa na mashati mawili ya maana na lingine lilikuwa limelowa. Hapo ndipo Shadya alipomuuliza kazi yake hasa ni nini.

"Nahesabu walioanguka kwa unga, ili dawa ikae wanakoanguka. Basi. Mtu anakufa hapa, dawa inakaa hapa. Hata mtoto wa chekechea anaelewa."

"Sasa mbona siku ile ilitoka begini kwako? Zahanati ya kwetu Ng'ambo haipo."

"Natembea na chache tu, nyingine zote ziko kabatini, kwenye ofisi yetu ya Msamvu. Karibu na stendi ndiko askari wanakokamata mateja, basi wakubwa wameamua ndiko wanakokufia. Nimeomba zipelekwe Ng'ambo. Unajua nimejibiwa nini? Ng'ambo hakufi mtu."

Shadya aliweka kikombe chini. Ng'ambo ni ile mitaa ya upande wa pili wa mto. Alizaliwa huko.

"Hakufi mtu?"

"Kwa unga, hakuna hata mmoja. Nimepitia kumbukumbu zote za hospitali. Vijana wa Ng'ambo wanakufa kwa malaria, kwa presha, na kwa ghafla."

Ghafla! Jamani, niacheni nikasirike. Tangu lini ghafla ikawa ugonjwa? Kijana ana nguvu za kuangusha mti, leo kakutwa chooni amekaza taya, mnaniambia kafa kwa ghafla? Ukitaka kujua ilivyo, ni hivi. Mama anamshika daktari mkono, anamwambia, baba, tuandikie malaria tuzike kwa heshima. Daktari ana huruma, anaandika. Na mama simlaumu. Akitamka unga, majirani watakuja msibani kuchungulia, siyo kulia, na binti wa nyumba hiyo atasahau habari ya posa. Lakini huruma ile ilikuwa inaua. Kila iliyoandikwa ghafla, dawa ilibaki Msamvu imefungiwa, na wakubwa wakasema, mnaona, Ng'ambo shwari.

Shadya alijua majina. Angeweza kumtajia Nasibu kuanzia nyumba ya kona mpaka msikitini. Alikunywa chai yake akazungumzia bei ya karoti.

Haukupita muda, akafa Abdi, jirani yao. Hospitali ikaandika presha. Shadya akampigia Nasibu: "Njoo tuzike, mtani. Msiba bila mtani umepooza." Nasibu akaja, akafanya utani wake kama ada inavyotaka. Akajilaza kwenye kitanda cha marehemu akagoma kutoka mpaka aletewe kuku.

Siku ya kuanua matanga akasimama mtani mwingine, bibi wa Kinyamwezi aliyeolewa hapo zamani, akamwigiza marehemu alivyokuwa. Alishika kikombe cha kahawa, akaanza kusinzia amesimama. Kichwa kikaenda mbele polepole, mgongo ukapinda, magoti yakalegea, mpaka paji la uso likakaribia kugusa ardhi, na kikombe hakikumwagika! Kisha akajikuna shingo akasema, "Oya, nipe mia mbili nikale." Turubai zima likacheka na machozi juu. Baba wa marehemu alicheka mpaka akashika mbavu.

Nasibu peke yake hakucheka. Kile alichokikosa hospitalini kilikuwa kinachezwa hadharani, mbele ya shehe na mwenyekiti wa mtaa. Wote walijua. Ila kusema walimwachia mtani.

Tangu hapo hakukosa matanga ya Ng'ambo. Alichinja, alichimba kaburi, alitania. Akirudi nyumbani alitia doa jekundu kwenye ramani yake, doa tu, bila jina. Nasibu hakumwambia Shadya. Angemwambia nini? Mpenzi, nahesabu marehemu wenu huku nakula pilau yenu? Aliona haya, akanyamaza, na hapo ndipo alipokosea.

Ramani alimpelekea mratibu wa mradi, Daktari Leonard, mtu wa suti za kijivu na semina zisizokwisha. Leonard aliitazama, akaisifia sana. Kisha akaibeba mpaka kwenye kikao cha wadau, akaigawa kama karanga za harusini, na miongoni mwa wadau walikuwamo askari.

Mtu unapewa ramani inayoonyesha watoto wa watu wanafia wapi. Badala ya kupeleka dawa, unapeleka pingu! Madefenda ya polisi yalivuka daraja asubuhi. Walikamata waliobwia, wasiobwia, na kijana mmoja aliyekuwa anasubiri kunyolewa. Wakamkamata Mosi, ambaye alikuwa ameanza kwenda kunywa methadoni, dawa ya kuachia unga, kila siku na uso wake umeanza kurudi. Methadoni ikakatikia mahabusu.

Nasibu alimkuta Shadya sokoni, amesimama katikati ya magunia, kanga kajifunga kiunoni.

"Shadya, mpenzi, nisikilize..."

"Nijibu kwanza. Ile ramani waliyokuja nayo askari, ni yako?"

"Ni yangu, lakini..."

"Madoa umeyapata wapi?"

Nasibu akainamisha kichwa. "Matangani."

"Matangani!" Sauti ya Shadya ilipasuka. "Nilikukaribisha kwetu kama mtani. Nikakupakulia kwa mkono wangu. Kumbe unakula huku unatuhesabu?"

"Nilitaka dawa ije Ng'ambo."

"Imekuja? Niambie, imekuja? Mdogo wangu kalala sakafuni na mkojo wa watu! Toka. Nenda kale michembe kwenu."

Safari hii maneno yale hayakuwa utani.

Nasibu alikwenda moja kwa moja kwa Leonard, akaingia bila kubisha hodi.

"Nilikupa ile ramani upeleke dawa!"

"Punguza sauti, kijana. Takwimu ni za wadau wote."

"Mdau gani anapeleka karandinga kwa mgonjwa?"

"Tena umenikumbusha. Vichupa ulivyo navyo begini virudishe kabatini leo hii, mpaka vihakikiwe. Dawa ya serikali haitembei mgongoni kwa mtu."

Akavirudisha. Angekataa, wangemfukuza, na nani angebaki kuipigia kelele Ng'ambo? Ndivyo alivyojidanganya.

Akipiga simu kwa Shadya, mashine inamjibu: mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Neno lenyewe hilo. Mji mzima ulilikata kichwa likabaki teja, wakabandikwa akina Mosi, na nao hawapatikani mpaka wawe wamekufa.

Akamwandikia ujumbe. Mosi akitoka mahabusu, mwili wake utakuwa umesahau. Kete ile ile ya unga aliyoizoea zamani itamuua. Usimwache peke yake, na mrudishe kwenye methadoni siku hiyo hiyo. Shadya aliona jina la Nasibu kwenye kioo, akaufuta kabla ya kuusoma.

Mosi aliachiwa Ijumaa. Alikuja amekonda, kanyolewa kipara, anatabasamu kwa aibu. Alioga, akala wali wote wa sufuria, akasema anakwenda kuswali. Swala ilipokwisha watu wakarudi, Mosi hakuonekana. Shadya alimkuta nyuma ya choo, amekaa, kidevu kifuani. Na mwanamke aliyeapa hatampigia Nasibu milele, alimpigia.

"Nasibu! Mosi amezima."

"Anapumua?"

"Kidogo. Sijui! Midomo imebadilika!"

"Mlaze chali. Inua kidevu, mzibe pua, mpulizie mdomoni mpaka kifua kipande. Usimpe chochote. Usiache kupuliza, laazizi, hata wakikwambia acha. Nakuja."

"Njoo na ile dawa!"

"Nakuja nayo."

Alitoka mbio mpaka ofisini Msamvu. Kabati lile, limefungwa kufuli. Ufunguo uko wapi? Mlinzi akasema anao daktari. Daktari yuko wapi? Yuko Dodoma. Kafuata nini Dodoma? Semina ya kuokoa maisha!

Sitii chumvi. Nasibu alichukua jeki ya gari la ofisi akalipiga kufuli mpaka likakatika na kucha yake ya kidole gumba ikang'oka. Akazoa vichupa akajaza mifuko. Akarukia bodaboda, akamwambia dereva, kimbiza, mimi ndiye nitakayejibu. Wakapita taa nyekundu, wakapita kwenye maandazi ya watu, wakavuka daraja.

Alimkuta Shadya bado anapuliza. Majirani wanamwambia, mwache, dada, amekwenda. Shadya hasikii. Nasibu alipuliza dawa pua moja, akapuliza pua nyingine. Wakabadilishana kupuliza pumzi, yeye na Shadya, mpaka Bi Scholastika akaja akawashika mabega wote wawili. Barabara ile ya kutoka Msamvu, ambayo mtu huimaliza akiwa hajamaliza kutafuna muwa, ilikuwa ndefu kuliko pumzi za Mosi.

Hospitalini alikuja Mjomba Abeid, kaka wa mama yao, kofia ya kiua, kanzu, bakora mkononi. Kwa Waluguru mtoto ni wa mjomba, na neno la mwisho ni lake.

"Andikeni ghafla," akasema. Wakaandika.

Shadya alitoka nje, akamkuta Nasibu amekaa kwenye ngazi, kidole kimefungwa kitambaa.

"Ulinitumia ujumbe. Niliufuta. Ulikuwa unasemaje?"

Nasibu alimtazama yule mwanamke, macho yamevimba, midomo imechubuka kwa kupuliza. "Nilikuomba msamaha tu."

"Usinidanganye! Ukoo mzima unanidanganya, na mimi naudanganya. Mwenye ruhusa ya kusema hapa ni wewe peke yako. Sema."

Akamwambia, neno kwa neno, mpaka habari ya Leonard na kufuli. Shadya hakulia. Aliegemea ukuta, akawatazama wagonjwa wawili watatu wakipita.

"Basi mimi nilifuta, wewe ulitoa ramani, na Leonard alifunga dawa," alisema hatimaye. "Siku ya kuanua matanga utakuja. Utasimama. Hutanionea huruma mimi wala mjomba."

"Watanifukuza."

"Mtani hafukuzwi. Na wakikufukuza, nifukuzwe nami."

Siku ikafika. Pilau imeliwa, dua imesomwa, wanaume kwenye mikeka, wanawake upande wao wa turubai, kanga vichwani. Wakaita watani. Nasibu akasimama na kikombe cha kahawa, watu wakatabasamu tayari, wakijua kitakachofuata. Akainamisha kichwa kidogo. Akaanza kupinda mgongo. Akashindwa. Kikombe kikamponyoka, kahawa ikamwagika miguuni, akasimama wima akilia mbele za watu.

"Siwezi kumwigiza. Nasema tu. Mosi hakufa kwa ghafla. Mosi ameuawa na unga, na dawa ilikuwepo, na ilikuwa imefungiwa Msamvu kwa sababu vitabu vinasema Ng'ambo hakufi mtu. Na vitabu vimeandikwa na sisi, kwa vinywa vyetu!"

Mjomba Abeid aliinuka na bakora yake. "Mshenzi! Unamvua nguo maiti wangu?"

"Kaa chini, mzee Abeid," akasema Bi Scholastika kutoka upande wa wanawake. "Mtani hakasirikiwi."

"Huu si utani!"

"Ndiyo, si utani," Shadya akasema, na wote wakageuka, maana dada wa marehemu hana nafasi ya kusema pale. "Nami si mtani wenu, mimi ni mtoto wenu, nikasirikieni mnavyotaka. Mdogo wangu kafa kwa unga. Niliambiwa atakufa, nikaufuta ujumbe kwa kiburi. Hayo ni yangu, nimeyasema. Mwenye lake aseme."

Mtu akakohoa. Kisha mama mmoja mnene, jirani wa kona, akafunua kanga usoni.

"Abdi wangu hakuwa na presha," alisema. "Presha ninayo mimi."

"Wangu mimi tuliandika malaria," akasema mwingine.

"Na wangu. Yule mkubwa."

"Na wangu."

Walisema mmoja baada ya mwingine, wengine bila kuinua kichwa. Mjomba Abeid alisimama akiwasikiliza. Mwisho akakaa kwenye mkeka kwa nguvu.

"Na mwanangu Salehe," alisema. "Nilimwambia mama yake kaumwa na nyoka."

Wanaume hawakujua watazame wapi. Hapo yule mama wa Abdi akanyanyuka, akavuka turubai mpaka kwa Nasibu.

"Mwanangu, waliokufa umeshawajua. Mimi nina wa pili, yuko hai, sasa hivi yuko nyuma ya nyumba anasinzia. Hiyo dawa iko wapi?"

Nasibu akatia mikono mifukoni. Ofisi ilikuwa imeshamsimamisha kazi kwa ajili ya kufuli, na barua ilimtaka arudishe kila kichupa. Akavitoa vyote, akavimwaga juu ya mkeka.

Shadya akamwita mtoto wa jirani, akamlaza chali katikati ya wanawake. "Sogeeni. Kidevu juu, hivi. Ziba pua. Pulizeni mpaka muone kifua kinapanda. Na maziwa, nikimwona mtu na maziwa nitamzaba kofi." Wakacheka kidogo, wakasogea, wakapiga magoti mmoja mmoja kujaribu.

Jua lilipoinama, Mjomba Abeid alimwita Nasibu pembeni. "Kesho tunakwenda hospitali, mimi na wewe na hawa mama, waandike upya. Na wewe una lingine unalolitaka nyumbani kwangu, nakuona. Baada ya arobaini lete washenga."

Nasibu akarudi akakaa karibu na Shadya, si karibu sana.

"Bado nimekukasirikia," Shadya akasema.

"Najua."

"Nitakukasirikia mpaka ndani ya ndoa."

"Nami nitakuwepo."

"Wale vijana walioingia na Mosi, bado wako mahabusu," akasema, akifuta sahani kwa ukingo wa kanga. "Wanatoka lini?"

"Kesho asubuhi."

"Basi nyanyuka. Tukae mlangoni na dawa kabla hawajatoka."